Kabla hujauliza kawa wa ngapi, fungua daftari

Asalam aleikum wazee wangu, tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na wale niliowafundisha ambao leo mna vitambi na ndevu nyie ndo mniamkie mimi. Haya, marahaba. Mwalimu mkuu kanipa dakika ishirini, na mwalimu mstaafu ukimpa maiki ujue umeshaliwa, ila ntajitahidi maana najua wengine ufuta uko ghalani na mnasikilizia meseji ya mnada.

Tumeitwa kwa ajili ya ripoti za nusu mwaka. Mtihani wa muhula watoto wamefanya mwezi wa sita, likizo imeisha, wamerudi, karatasi ndo hizo mmeshika. Sasa mimi wakati mnagawiwa pale mezani nilikaa pembeni nawatazama tu. Mtu anapokea, jicho linaruka Kiswahili, linaruka Hisabati, linaruka mahudhurio, linaenda kutua kule chini palipoandikwa nafasi. Wa 7 kati ya 91. Basi, karatasi inakunjwa inafungwa kwenye pindo la kanga, kesi imeisha. Na yule aliyeona wa 83, nimemuona alivyomtafuta mtoto kwa macho pale dirishani, nikasema leo huyu jioni halali vizuri.

Sikucheki, maana na mimi yamenikuta. Mwanangu wa mwisho akiwa darasa la tano alikuja nyumbani na ripoti ya nusu mwaka, kawa wa tatu. Nikachinja kuku. Mwalimu mzima, nimekaa nyumba ya shule, nimechinja kuku! Asubuhi yake natafuta kiberiti naiona ile karatasi mezani, nikaisoma sasa kwa akili, Hisabati 19 kati ya 50. Mnajua 19 ni nini, ukihesabu kwa madaraja ya mtihani wa taifa A inaanzia 41, B 31, C 21, kwahiyo 19 ni D. Mtoto wa tatu darasani ana D! Darasa zima lilikuwa halijui Hisabati, yeye kawazidi wenzake kutokujua kidogo tu. Na kuku tulishamla.

Ndo maana nasema nafasi inakwambia wenzake wako wapi, haikwambii mwanao anajua nini. Hivi wewe una mikorosho yako, mwezi huu si ndo inatoa maua, si ndo unapita chini yake unageuza majani unaangalia ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho? Kuna mtu anauliza huu mkorosho ni wa ngapi shambani? Hakuna. Unaangalia jani, unaangalia ua, ukiona unga mweupe unapuliza salfa. Na unapuliza sasa hivi, hungoji mwezi wa kumi, maana mwezi wa kumi utapuliza nini, mabibo?

Sasa jani la mtoto ni daftari.

Kuna kijana hapa shuleni, simtaji, mwalimu wake kaniruhusu niangalie daftari lake la Hisabati. Limefunikwa gazeti, kona zimejikunja, lina harufu ya moshi, unajua kabisa hili linasomewa jikoni. Mwezi wa kwanza mambo mazuri, tarehe imepigiwa mstari kwa rula, vyema vyema vyema. Mwezi wa pili hivyohivyo. Nafika tarehe 18 mwezi wa tatu, nafungua ukurasa unaofuata nakuta tarehe 6 mwezi wa tano. Nikajua karatasi zimechanwa, nikahesabu pini, wapi, hakuna kilichochanwa. Hakuwepo. Mnajua alikuwa wapi na mimi najua, familia ilihamia shamba, yuko juu ya dungu analinda mahindi ngedere wasimalize.

Afu hapo aliporudi ndo pana mambo. Wamepewa maswali sita ya kujumlisha sehemu. La kwanza nusu jumlisha robo. Kaandika mbili ya sita. Yaani kajumlisha juu, moja na moja mbili, kajumlisha chini, mbili na nne sita. La pili hivyohivyo, la tatu hivyohivyo, mpaka la sita. Makosa sita na wino mwekundu chini, "rudia". Arudie nini sasa?

Ila mtazame vizuri. Mtoto asiyejua kabisa anabahatisha, hapa anaandika hiki pale anaandika kile. Huyu kakosea njia moja mara sita, ana kanuni yake kajitungia mwenyewe kwa sababu siku wenzake wanafundishwa kutafuta KDS, kigawe kidogo cha shirika, ile namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba zote za chini, yeye yuko dunguni. Nikamwita, mkononi nilikuwa na muhogo wa kuchemsha, nikaukata nusu nikampa. Wa pili nikakata robo nikamuongezea. Nikamuuliza una kiasi gani, akasema, bibi, robo tatu. Nikamwambia mbona daftarini umeandika mbili ya sita, mbili ya sita ni theluthi, ina maana ulikuwa na nusu nikakuongezea ukabakiwa na pungufu? Akaangalia muhogo, akaangalia daftari, akacheka mwenyewe. Jioni mbili, wazazi wangu, jioni mbili tu na KDS imeingia. Huyo mtoto kwenye ripoti ni wa 70 na kitu, na mzazi wake yuko hapa anaamini amezaa kichwa kigumu.

Kwahiyo ukitoka kwenye daftari nenda kwenye rejista, omba, siyo siri. Weka zile siku ambazo hakuwepo karibu na zile kurasa alizokosea uone zinavyoitana. Wengine watoto hawahami shamba ila ijumaa hawaonekani, au wakati wa kukata ufuta na kukung'uta wanakuja siku tatu kwa wiki. Simsemi mtu, chakula lazima kitoke shamba, shule hii mpaka leo ada hakuna ila sare na madaftari mnanunulia huohuo ufuta. Nachosema ukimtoa mtoto wiki tano, jua kuna kitu maalumu kimempita ndani ya hizo wiki tano, muulize mwalimu ni kitu gani, kinatajika kwa jina.

Na hili la jando na unyago nalipita harakaharaka maana naona bibi zangu wameshanitolea macho. Mimi mwenyewe nimechezwa, sina ugomvi. Ila shule ikifunguliwa wari watoke, siyo jumatatu watoto wako darasani na mwari bado yuko ndani wiki mbili zingine.

Walimu nao msikae mnatabasamu hapo. Ile sehemu ya maoni kwenye ripoti, "anajitahidi, aongeze bidii", nimeiandika mimi zaidi ya nyinyi wote, kuna shule nilijaza ripoti 90 usiku mmoja kwa kibatari, mpaka mtoto aliyehama mwezi wa pili nikamwandikia anajitahidi. Andikeni kitu mtu akakifanyie kazi. "Hajui kujumlisha sehemu." "Anasoma ila haelewi alichosoma." Maneno manne yanatosha.

Wazee mnaikumbuka hadithi ya karanga hapahapa Nachingwea. Mwingereza alikuja na mradi mwaka 1947, Kongwa, Urambo na hapa kwetu, hesabu zake zilikuwa ekari milioni tatu na zaidi, matingatinga, reli kutoka Mtwara. Ekari zikahesabiwa kabla udongo na mvua havijafanyiwa majaribio ya kutosha. Mwaka 1951 wakafuta, reli nayo baadaye ikang'olewa. Karatasi zilikuwepo, nyingi tu, za namba.

Sisi bado tuna muda lakini siyo mwingi. Darasa la saba mtihani wao ni mwezi wa tisa, hao hawana nusu mwaka tena, wana wiki. Darasa la nne wana upimaji wao wa taifa, nao msiseme bado wadogo. Na wenye watoto sekondari kidato cha pili na cha nne, mnajua wenyewe mwezi wa kumi na moja.

Sasa hatuendi nyumbani. Nimeongea na mwalimu wa taaluma, madaftari yote yako kwenye madawati, kila mtoto kakaa kwenye lake. Mzazi asiyejua kusoma asione aibu, mwambie mwanao akusomee ukurasa mmoja, ukiona anakwamakwama au anasoma huku anaangalia juu ya bati umeshajua. Tafuteni pale tarehe zilipokatika, mkunje kona ya ukurasa, mwiteni mwalimu. Darasa la nne mlango ule wa kushoto, la saba wako chini ya mwembe. Na yule baba wa nafasi ya 83, baba njoo kwanza hapa, daftari la mwanao nimelishika mimi.