Alfred Basin: Shimo la Wafungwa Lililogeuka Bandari

REHEMA: Karibuni tena. Leo tuko Cape Town, pale V&A Waterfront. Wengi wanapajua kwa maduka na kwa picha za Mlima wa Meza. Salim, wewe unapajua kwa nini?

SALIM: Kwa shimo, dada Rehema. Lile hodhi dogo la ndani, Alfred Basin, asili yake ni machimbo ya mawe.

REHEMA: Mawe ya nini tena?

SALIM: Ya ukuta wa kuzuia mawimbi. Ghuba ya Meza, hii iliyo mbele ya mji, ilikuwa mtego wakati wa baridi. Upepo wa kaskazini-magharibi ukichafuka, meli zilizotia nanga hazina pa kujificha, zinatupwa ufukweni. Mwaka 1858 dhoruba ilivunja meli zipatazo 30, na Lloyd's wa London wakagoma kuzikatia bima zitakazokaa humo majira hayo. Bima ikigoma, serikali huamka! Septemba 1860 Alfred, mwana wa Malkia Victoria, kijana wa miaka 16, akamwaga behewa la kwanza la mawe.

REHEMA: Akamwaga moja, akaenda zake.

SALIM: (anacheka) Kazi ikabaki kwa wafungwa. Wakachimba mwamba, mawe yakaenda baharini, lile shimo likaingizwa maji. Mwaka 1870 likafunguliwa kuwa bandari, kwa jina la Alfred huyo huyo.

REHEMA: Hapo naomba tukae kidogo. Kwenye jela ya wafungwa hao, iliyoitwa Breakwater, walifungwa pia Waǀxam, wenyeji wa nyika kavu za ndani, wengi kwa kosa la wizi wa mifugo. Mmoja wao, ǁKabbo, alichukuliwa mwaka 1871 akakae kwa mwanaisimu Wilhelm Bleek, amfundishe lugha yake. Bleek na shemeji yake Lucy Lloyd wakajaza madaftari kwa madaftari. Leo lugha ile haina msemaji, lakini kaulimbiu ya nembo ya Afrika Kusini, tangu 2000, imeandikwa kwayo. Na jela? Sasa watu wanasomea biashara mle.

SALIM: Loh! Basi hodhi lenyewe likaja kuwa dogo. Meli zilikua, ikajengwa bandari kubwa zaidi, Duncan Dock, bahari ikafukiwa, mji ukajikuta mbali na maji. Makontena nayo yakaondoka na shehena. Mwaka 1988 ndipo ikaundwa kampuni ya kupafufua.

REHEMA: Kwa kubomoa?

SALIM: Hapana, na hapo nawapa heko. Gudi la Robinson, hodhi linalokaushwa maji ili meli itengenezwe, ni la mwaka 1882 na bado linafanya kazi. Wewe uko juu na sahani yako ya samaki, chini mafundi wanakwangua kutu kwenye tumbo la meli, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

REHEMA: Ghala la nafaka la 1924 nalo limekuwa jumba la sanaa, Zeitz MOCAA, tangu 2017. Walikata ile mirija ya zege katikati, wakachonga ukumbi wenye umbo la punje ya hindi. Juu yake wakaweka hoteli.

SALIM: Hoteli hiyo si ya mfuko wangu.

REHEMA: Wala wangu. Kinachoniudhi ni Jetty 1, kijengo walimopitishwa wafungwa wa Robben Island kwenda kupanda boti. Wageni wanakipita mbio kuwahi boti za kwenda kisiwani kwenye kituo cha Nelson Mandela Gateway. Jamani, anzieni hapo, maduka hayakimbii.