Mwenye haya mwaka wa kwanza (na vimbweta vya Shabani, tena)

NEEMA: Jumanne nimemsindikiza mtoto wa dada chuoni kujisajili. Foleni mbili zimeenda sambamba, ya kuhakiki vyeti na ya kitambulisho. Kijana kasimama saa nzima kwenye isiyo yake, kisa anaona haya kuuliza. Nikasema kipindi kimepatikana.

SHABANI: Na mimi nimeandaa mambo matano.

NEEMA: Yote vimbweta, zile meza na mabenchi ya kusomea nje. Nakujua.

SHABANI: Moja tu, dada yangu! Mengine ni semina, wenzako wa chumbani, mlango wa mhadhiri, na bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu.

NEEMA: Sheria ni ileile ya msimu uliopita. Ukitaja neno kimbweta, faini mia tano, unanirushia kwa simu.

SHABANI: Sawa. Kwanza kinachomkwamisha. Kidato cha 6 una dawati lako na mwalimu wa darasa, usipoonekana unatafutwa. Chuo unaingia mhadhara wa DS, lile somo la maendeleo, mmejaa mamia, hakuna anayejua kama upo. Mwenye haya wiki ya kwanza anashukuru Mungu kwa hilo. Wiki ya sita jaribio limehamishiwa ukumbi mwingine, naye hana wa kumuuliza.

NEEMA: Kwa sababu taarifa zinapita kwenye grupu la darasa, na grupu liko mkononi mwa CR, mwakilishi wa darasa. Namba yako haimo, hupo. Mhadhara ukiisha usikimbilie mlangoni. Mfuate CR, simu yako iwe tayari imeandikwa jina na namba, mwonyeshe aingize. Hata kuongea siyo lazima.

SHABANI: Halafu akae mahali pamoja, saa zilezile, watu wamzoee sura. Yaani kimbweta.

NEEMA: Mia tano.

SHABANI: Lakini hapa ndipo pake! Sikiliza. Kilicho jirani na kafeteria ni kelele, hakufai. Kilicho pembeni kabisa hakipitiwi na mtu, utakuwa umejificha tu. Unatafuta kilicho njiani kati ya kumbi za mihadhara na hosteli.

NEEMA: Na jua je? Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wanahama na madaftari yao kama mbuzi.

SHABANI: Kama nafasi yako ni mchana, kaa upande wa mashariki wa mti. Kivuli kinakufuata huko mpaka jioni. Halafu begi liweke chini. Begi likikaa benchi maana yake pana mwenyewe, mtu anapita. Na usitandaze makaratasi meza nzima, watadhani kuna kikundi kinakusubiri.

NEEMA: Ukae wapi sasa, katikati?

SHABANI: Mwisho wa benchi. Ukikaa katikati, anayekuja lazima aombe umpishe, na mwenye haya mwenzako hawezi kuomba. Sasa siri kubwa: ekstensheni.

NEEMA: Haya, tumeshapotea.

SHABANI: Hujapotea! Kimbweta chenye umeme kina soketi moja au mbili, na kila mtu ana kompyuta na simu. Nunua ekstensheni ya matundu manne, waya mita tatu. Chomeka, endelea kusoma, usiseme neno. Watakuomba wenyewe.

NEEMA: Mia tano ya pili. Na umeme ukikatika?

SHABANI: Watu si wameshakaa? Wataanza wenyewe kulalamika, unaitikia. Ila angalia waya. Ile ya bei chee ni nyembamba. Ukirudi nayo chumbani, mwenzako akachomeka hita ya maji, inayeyuka, na hita zenyewe hosteli nyingi hazitaki kuziona.

NEEMA: Dakika kumi na tano za ekstensheni. Tuingie semina, maana ndiko anakoumia. Mnapangwa watu wanane au kumi, swali moja, kuandika na kuwasilisha. Mwenye haya anapewa kwenda kuprinti. Siku ya kukusanya, jina lake halipo kwenye jalada.

SHABANI: Ndiyo maana awe katibu. Siku hiyohiyo kikundi kinapotangazwa, aandike kwenye grupu: “Nitakusanya majina na namba za usajili, kila mtu aniletee kipande chake siku tatu kabla.” Jalada liko kwake, jina haliwezi kupotea.

NEEMA: Hapo unamzika. Katibu wa kikundi cha watu kumi anaandika kazi ya watu kumi. Wawili wataleta, watatu watanakili mtandaoni, waliobaki “mtandao ulisumbua”. Na akishaandika yote, bado hajafungua mdomo. Achukue utangulizi. Dakika mbili, maneno anayajua, maswali hayajaanza.

SHABANI: Utangulizi ndiyo sehemu mbaya kuliko zote! Projekta haisomi kompyuta, waya hauingii, ukumbi mzima unamtazama yeye. Achukue ya pili au ya tatu.

NEEMA: Ya tatu muda umeisha, mwalimu anasema “rukeni, nendeni hitimisho”. Ameketi tena hajasema kitu.

SHABANI: Na bado kazi anaijua yote kwa kuwa aliiunganisha. Mwalimu akimwuliza, anajibu.

NEEMA: Swali la ghafla, mtu ambaye hajawahi kusikia sauti yake ukumbini? Hajibu, Shabani. Anatazama sakafu.

SHABANI: Mimi nabaki kwa katibu.

NEEMA: Na mimi kwa utangulizi. Wasikilizaji wachague wa kumwamini, ila wakumbuke nani kaongelea waya nusu kipindi.

SHABANI: Fundi anaonyesha vidole viwili.

NEEMA: Dakika mbili? Bado wenzako wa chumbani, mlango, bumu!

SHABANI: Mlango: soma saa za kuonana na wanafunzi zilizobandikwa, nenda na swali kwenye karatasi pamoja na ukurasa, uwe na mwenzako mmoja.

NEEMA: Huyo mwenzake anampata wapi?

SHABANI: Kwenye kimb—

NEEMA: Elfu moja na mia tano!

SHABANI: Sijamaliza neno!

NEEMA: Umefika mbali. Haya, bumu.

SHABANI: Likiingia lisaini mapema. Usiposaini ndani ya muda, pesa inarudi Bodi ya Mikopo. Na tangazo linapita kwenye lile grupu, kwa hiyo kama CR hajakuingiza...

NEEMA: Tumekatwa. Wenzako wa chumbani, wiki ijayo.