Hajaringa, Hajakuona

Shikamooni wazee, walimu, habari za asubuhi. Koni za karatasi mlizopewa mlangoni ni za karanga kweli, ila karanga nimekula mimi. Kata ncha, pabaki tundu la kupita kidole kidogo. Usichungulie bado.

Nianze na mama yangu mkubwa wa Newala. Wanaonijua wameshaanza kucheka, kwa kuwa kila nikisimama namtaja. Msimu wa korosho anakaa jamvini anachambua, nzuri huku, mbovu kule, hakosei. Akiinuka tu, anamkanyaga kuku. Jirani anampungia mkono, kimya. Basi mtaa mzima: "Korosho anaziona, sisi hatuoni? Anaringa huyo!" Jamani, ni presha ya macho, glakoma. Imemla pembeni, ikamwachia katikati. Korosho iko katikati. Kuku na jirani wako pembeni. Sasa fumba jicho moja, chungulia kwenye koni, mtafute aliyekaa kushoto kwako bila kugeuza shingo. Umemwona? Mbona hujamsalimia?

Huo ndio uoni hafifu, wala si upofu. Mwingine pembeni anaona vizuri, ila jicho lake lililo bora, hata kwa miwani, halifiki 6/18: herufi unayoisoma wewe ukiwa mita 18, yeye asogee hadi mita 6, na bado inamshinda.

Najua kuna atakayesema tunaigiza ulemavu wa watu. Hoja hiyo naiheshimu. Mtafiti Arielle Silverman wa Marekani, ambaye mwenyewe haoni, alionyesha pamoja na wenzake kwamba watu waliofungwa vitambaa machoni walitoka wakiwadharau zaidi wasioona, eti hawawezi kazi wala kujitegemea. Ndiyo! Kwa sababu dakika za mwanzo ni za woga mtupu, na woga huo unambebesha mwenzio. Mama mkubwa alishauvuka zamani. Anajua jamvi liko hatua ngapi toka mlangoni. Ndiyo maana sitaki mtu atembee humu na koni. Kaa, uone kipi kinaonekana na kipi kinapotea.

Nilileta na miwani iliyopakwa mafuta ya mgando, ya kuigiza mtoto wa jicho. Huyo hupasuliwa, mtu akaona. Kilicholiwa na glakoma hakirudi. Wanafunzi wenye ualbino, ambao wengi wao nao wana uoni hafifu, walistahili saa nzima, lakini mwenyekiti ananionyesha saa yake. Mtoto akiinuka kusogelea ubao, usimwambie "rudi mahali pako."

Haya, koni machoni tena. Nimenyoosha vidole vingapi?