Tochi ya Maji: Moto wa Haidrojeni wa Kuungia Cheni

Haya, karibuni. Leo tunatengeneza tochi ya moto, ya kuungia, inayokula maji na umeme. Mimi ni sonara, na moto huu nimeupendea wembamba wake: unaunga kijipete kimoja cha cheni na cha jirani hakiguswi. Mashine za kiwandani za kazi hii zipo, ila bei yake kaa kwanza ndipo uulize. Hii yetu ni ndogo, ya mezani, na tunaiwashia nje, barazani, upepo unapita. Kama huna nafasi ya nje, itazame video tu, usiijenge.

Kanuni fasta fasta. Umeme wa betri ukipita kwenye maji unayavunja: haidrojeni mafungu mawili, oksijeni fungu moja. Waingereza wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, walifanya hivyo London mwaka 1800. Mwaka uliofuata, Philadelphia, kijana Robert Hare akatengeneza tochi ya gesi hizo mbili, kila gesi na chumba chake. Sikieni hapo: kila gesi na chumba chake. Yetu inatoka imeshachanganyika. Moto wake hauna haja ya hewa ya nje, kwa hiyo ukipata nafasi utaingia sindanoni, yaani ncha ya tochi moto unapowakia, upite ndani ya mpira, uende hadi kwenye chanzo. Karibu kila ninachowaonyesha leo ni cha kuuzuia moto usirudi nyuma.

Na gesi hii haihifadhiwi. Si kwenye puto, si kwenye chupa, si kwenye mtungi wa jikoni. Inazalishwa, inaungua palepale.

Vifaa. Sahani 7 za stenlesi, aina ya 316L, sentimita 15 kwa 15. Gasketi za mpira za kuzitenganisha. Vibao viwili vinene vya perspeksi vya kubana huku na huku, na bolti nane. Kila sahani ina tundu juu la kupitisha gesi na tundu chini la kupitisha maji. Kukata na kutoboa sionyeshi, mnajua. Ila lainisheni kingo kwa tupa, stenlesi inakata vidole kama haikujui.

Mbona 7? Sahani 7 zinatoa nafasi 6 katikati. Umeme unaunganishwa sahani ya kwanza na ya mwisho tu, volti 12 zinagawana, kila nafasi inapata volti 2. Maji yanahitaji volti 1.23 angalau ndipo yavunjike, na ziada kidogo ya kusukuma. Ukiweka volti nyingi kuliko hapo, unachemsha maji tu. Chai tunayo jikoni.

Maji: yale ya kuongezea betri, siyo asidi ya betri! Duka moja yanauzwa yote mawili na chupa zinafanana, someni lebo. Maji hayo matupu hayapitishi umeme vizuri, ndiyo maana tunatia kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni. Miwani ya kazi machoni, glavu za mpira mikononi, ndipo ufungue mfuko. Unatia kostiki kwenye maji, kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya kostiki, yatachemka na kukurukia usoni. Ikiingia jichoni, maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, halafu hospitali. Hakuna siki, hakuna maziwa.

Chumvi ya mezani? Kila nikionyesha kazi hii mtu ataniuliza. Hapana. Chumvi inakutolea gesi ya klorini, na hiyo ni sumu ya mapafu. Na msikorogee kostiki kwenye sufuria. Sufuria zetu nyingi ni alumini, kostiki inazila, na zinapoliwa zinatoa haidrojeni yenyewe, hapo hapo jikoni karibu na jiko. Ndoo ya plastiki.

Anza na kostiki kidogo, pima ampia, ongeza. Mimi nataka ampia 10 na siendi zaidi. Maji yakipata joto ampia zinapanda zenyewe, kwa hiyo weka fyuzi ya 15 kwenye waya wa chanya. Kwa ampia 10, seli hii, yaani hizi sahani zilizobanwa pamoja, inatoa kama nusu lita na kidogo ya gesi kwa dakika.

Sasa njia ya gesi. Kutoka kwenye seli inapanda hadi tangi dogo la maji ya kostiki lililo juu yake. Kutoka tangini, valvu ya njia moja. Halafu hii hapa, dogo, sogeza kamera. Chupa ya mapovu. Hii ndiyo tochi yenyewe, mengine ni mapambo. Chupa nene ya plastiki, siyo ya kioo. Kioo kikipasuka kinakuwa vipande vya kukutafuta. Mpira wa kuingiza unashuka hadi karibu na kitako. Mpira wa kutoa unaishia juu. Maji yamejaa, hewa ya juu ni vidole viwili tu. Na kizibo ni cha mpira, nimekisukuma kwa mkono, sikukikaza wala kukigundisha. Moto ukirudi, utaishia juu ya maji, kizibo kitaruka, utashtuka, basi. Ukizibadilisha mipira, wa kuingiza ukawa juu, moto unapita kama hakuna chupa. Angalieni tena: wa kuingiza chini, ndani ya maji. Wa kutoa juu.

Wengine wataniambia wameweka ile valvu ya kuzuia moto ya mitungi ya oksijeni na asetilini. Ile ni ya gesi zinazokuja kila moja na mpira wake. Usiitegemee peke yake hapa.

Sindano: duka la dawa za mifugo, kwa sababu zile kitako chake ni cha chuma. Za hospitali kitako ni plastiki, kitayeyuka. Chukua geji 20; geji ni namba ya unene, ikipanda tundu linakuwa jembamba. Muuzaji atakupa 16 maana ndiyo inayochoma ng'ombe, ikatae. Kwa gesi yetu, tundu la geji 20 linaitoa kwa kasi ya karibu mita 37 kwa sekunde, na moto wa mchanganyiko huu unatembea kama mita 10. Gesi inaushinda moto, moto unakaa nje. Geji 16 inashusha gesi hadi mita 9 hivi. Hapo moto ndiyo unashinda. Kata ncha, sugua iwe bapa.

Kabla ya kiberiti, povu la sabuni kwenye kila kiungo. Washa umeme, paka. Eh. Dogo, njoo karibu, hapa kwenye bolti ya tatu. Mnaona? Povu linavimba, linapasuka, linavimba tena. Zima umeme. Gasketi imejikunja kona. Ngoja.

...Haya, tumelegeza, tumeinyoosha, tumekaza bolti kwa msalaba, moja huku, inayofuata upande wa pili. Napaka tena. Povu limetulia, halikui. Sasa ndiyo.

Kuwasha: umeme kwanza, subiri mapovu yaende mfululizo, chungulia chupa, kiwango kipo. Mikono na uso mbali na kizibo. Kiberiti kwenye ncha. Tsst! Umewaka. Hamuuoni, eeh? Mchana huu moto wa haidrojeni hauonekani vizuri. Usiutafute kwa kidole. Naleta waya wa fedha... unang'aa, umekuwa tone. Moto huu unafika karibu nyuzi 2,800, fedha inayeyuka kwenye 962, dhahabu kwenye 1,064. Lakini joto kali siyo joto jingi. Betri inatoa wati 120, motoni zinafika kama 75. Tone la fedha sawa, bangili nzima sahau. Na mnaoniulizia gari la kutumia maji, hesabu ndiyo hiyo: unapata pungufu ya ulichotia. Stanley Meyer wa Marekani aliwauzia watu ndoto hiyo, mahakama ya Ohio ikasema mwaka 1996 kwamba ni utapeli.

Sasa kuzima, na hapa punguzeni sauti za watoto. Usizime umeme kwanza. Ukizima umeme kwanza, kasi ya gesi inashuka, moto unarudi ndani. Chukua bakuli la maji, zamisha ncha ya sindano, moto ufe, itoe nje ya maji, ndipo uzime umeme. Ncha majini, kisha umeme. Dogo, irekodi tena kwa karibu: ncha majini... imekufa... nje... umeme. Umeme ukikatika wenyewe katikati ya kazi, na tunajua unavyokatika, chupa ya mapovu ndiyo itakayokuokoa. Ndiyo maana natumia betri ya gari.

Ukimaliza, tazama rangi ya maji ya seli. Yakiwa ya njano au kahawia, stenlesi imeanza kuliwa na humo kuna kromiamu yenye sumu. Glavu, chupa yenye kizibo na lebo, mbali na watoto. Usimwage mtaroni.

Sahani 7 zilizokwisha kukatwa na kutobolewa ninazo dukani, pamoja na gasketi. Kostiki siuzi. Video ijayo naunga hii cheni, ile ya kwenye kitambaa pale, kama wino wa kuzuia madini ya kuungia yasitambae pasipotakiwa utakuwa umefika.