Dakika za Majini: Kumfundisha Mtoto Kuogelea kwa Fedha Kidogo, Moshi na Arusha

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Wengi mmetoka kazini moja kwa moja na wengine mmekuja na watoto, kwa hiyo sitawachelewesha. Swali mliloleta ni moja: mtoto ana miaka minne, mitano au sita, mzazi hana uwezo wa kumpeleka shule yenye bwawa lake wala kumlipia mwalimu wa peke yake mwaka mzima. Atajifunzaje kuogelea?

Atajifunza, tena bila nyinyi kuzunguka mji mzima kutafuta bwawa la bei ya chini kuliko yote. Fedha ya kuogelea haipotelei kwenye kiingilio. Inapotelea kwenye dakika ambazo mtoto yumo majini na hajifunzi kitu: anatetemeka, anakataa maji usoni, ananing'inia kwenye boya, au anasubiri zamu yake ukingoni. Ukizipunguza dakika hizo, masomo kumi yatamfikisha mbali kuliko thelathini.

Baridi ndiyo mlaji mkubwa huku kwetu. Moshi mjini tuko kama mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, Arusha ni kama mita 1,400, na mabwawa yetu karibu yote yako wazi na hayapashwi moto. Mtoto mdogo hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, maana mwili wake ni mdogo na ngozi ni nyingi ukilinganisha na uzito wake. Maji ya nyuzi 28 kwenda juu anayavumilia nusu saa. Yakishuka chini ya 26, baada ya muda mfupi midomo inabadilika rangi, taya linagonga, mikono inakumbatia kifua. Mtoto aliyejikumbatia hawezi kuelea wala kunyoosha mikono, kwa hiyo mwalimu mnamlipa bure.

Ndiyo maana anayemwanzisha mtoto Juni, Julai au Agosti ananunua kipupwe. Subirini likizo ya Desemba, muende nayo hadi Februari kabla masika haijaanza. Saa nzuri ni kati ya saa nane na saa kumi mchana, bwawa likiwa limeshapigwa na jua tangu asubuhi. Wengi huwahi saa tatu asubuhi kwa sababu hapana watu, lakini maji bado yana baridi ya usiku. Kama hamna kipimajoto, zamisha mkono hadi juu ya kiwiko kwa dakika moja. Wewe mtu mzima ukitamani kuutoa, usimwingize wa miaka minne. Na chupa ya uji wa moto, taulo kavu na sweta si anasa. Ni sehemu ya somo.

Jambo la pili kuhusu ratiba: msiweke somo moja kwa wiki. Mtoto wa umri huu akikaa siku saba, nusu ya somo linalofuata ni kumrudisha pale alipoachia. Masomo kumi ndani ya wiki tatu, dakika 25 hadi 30 kila moja, ni bora kuliko kumi yaliyosambazwa kwa miezi mitatu. Bei ni ileile.

Sasa hesabu. Moshi kuna bwawa la YMCA linalojulikana na kila mtu, na Moshi na Arusha zote zina hoteli zenye mabwawa yanayopokea watu wa nje kwa kiingilio. Baadhi ya shule zenye bwawa hukubali vikundi wakati wa likizo ukipeleka barua mapema. Bei hubadilika, kwa hiyo namba hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aweke alizoulizia. Tuseme mwalimu anataka shilingi 30,000 kwa saa na kiingilio cha mtoto ni 5,000. Mzazi mmoja akienda peke yake analipa 35,000 kwa somo, 350,000 kwa masomo kumi, na nusu ya pili ya kila saa mtoto amechoka. Sasa wazazi sita waungane. Watoto watatu waingie nusu saa ya kwanza, watatu nusu saa ya pili. Ada ya mwalimu inakuwa 5,000 kwa kila mtoto, na kiingilio 5,000: jumla 100,000 kwa masomo kumi. Watatu kwa mwalimu mmoja ni idadi nzuri. Wanne ndio mwisho kwa walio chini ya miaka sita, na wakifika watano mtakuwa mmerudi kulipia zamu za kusubiri.

Mkienda kuongea na meneja, nendeni kama kikundi, ombeni siku za katikati ya wiki ambazo bwawa limelala, na ulizeni mambo mawili ambayo watu husahau: je, mzazi anayekaa ukingoni bila kuingia analipa? Na je, kiingilio kinakatwa kwenye chakula? Sehemu nyingine hukata, na watu huona wamepata unafuu, kumbe wameagiza chipsi na soda ambazo hawakupanga. Kama mnaweza kupata kiingilio kitupu cha bei ya chini bila chakula, chukueni hicho.

Kabla ya kulipa, lichungulieni bwawa lenyewe. Simama upande wa kina kirefu utazame chini: lazima uone wazi tundu la kutolea maji na kifuniko chake kikiwa kimefungwa imara. Maji yenye ukungu yanaficha mtoto aliyezama. Harufu kali ya klorini wengi huisifu wakidhani ni dalili ya usafi. Si hivyo. Ile harufu hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo, na mara nyingi maana yake ni kwamba klorini ya kuua vijidudu imepungua. Muulizeni anayetunza bwawa hupima mara ngapi. Klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, inatakiwa iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8. Akikujibu bila kusita, hata kama bwawa si la kifahari, hapo pana mtu. Halafu angalia kina kifupi: maji yafike kati ya kitovu na kifua cha mtoto. Mabwawa mengi ya hoteli yalijengwa kwa watu wazima, na upande wake mfupi unamfika mtoto wa miaka minne puani. Hapo itabidi mzazi aingie naye.

Najua kuna anayesema moyoni: mbona tumezungukwa na maji ya bure? Mito ya Karanga na Rau, chemchemi za Chemka, Ziwa Duluti. Bangladesh wamefundisha watoto wa vijijini kwenye madimbwi ya nyumbani kwao, wakajenga jukwaa la mianzi ndani ya maji ili kina kijulikane na mtoto asipotelee pembeni. Nungwi, Zanzibar, mradi uitwao Panje Project umefundisha wasichana kuogelea baharini wakiwa na vazi la kufunika mwili mzima. Kwa hiyo maji ya asili si kosa. Kosa ni maji ambayo hujui kina chake, mwendo wake na kilichomo. Chemka ni kuzuri, vuguvugu na maji maangavu, lakini uangavu ule unadanganya: kina kinabadilika ghafla na maji yanatembea. Mpelekeni mtoto akishajua kuogelea, siyo ajifunzie pale. Duluti ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, ukingo wake unashuka kwa ghafla. Mito ya mlimani ni ya baridi, na mvua ikinyesha juu huko mto unajaa chini bila taarifa. Mifereji ya umwagiliaji ya Moshi Chini na maji yaliyotuama yenye konokono yana kichocho. Vimelea vinapita kwenye ngozi kwa dakika chache, na saa za jua kali, zile mtoto anazopenda, ndizo vinapokuwa vingi majini.

Kilicho bure kweli ni beseni. Wiki mbili kabla ya somo la kwanza, wakati wa kuoga, mfundishe mtoto kupuliza mapovu. Beseni la maji ya uvuguvugu, aweke mdomo tu, apulize kama anapoza chai. Siku ya tatu mdomo na pua, apulize kwa pua huku akiguna “mmm”. Ule mguno unazuia maji yasiingie. Kisha uso mzima, hesabu ya tatu. Halafu mwagie kikombe cha maji kichwani kwa kumwambia kwanza, asijifute uso kwa mikono. Apepese macho tu. Mtoto anayejifuta kila tone hawezi kuogelea, maana mikono yake iko kazini. Kazi hii mwalimu huifanya kwa masomo matatu au manne. Mkiifanya nyumbani, mmeokoa karibu theluthi ya gharama. Mkimaliza, mwaga beseni palepale. Sentimita tano za maji zinatosha kumuua mtoto mchanga, na ndoo na pipa lisilofunikwa viko karibu zaidi na watoto wetu kuliko bwawa lolote.

Ndani ya bwawa, somo la kwanza liwe kutoka, kabla ya kuingia. Mtoto ashike ukingo, atembee kwa mikono kuuzunguka, kisha viwiko juu, tumbo juu, goti, atoke bila ngazi. Arudie hadi aone ni mchezo. Baada ya hapo ni kuelea chali, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wazazi wengi wanapoharibu. Mzazi humshika mtoto chini ya kiuno na kumnyanyua. Mtoto anakunja nyonga kama amekaa kitini, makalio yanashuka, maji yanaingia mdomoni, na kuanzia siku hiyo kuelea kwa chali ni adhabu. Shika nyuma ya kichwa kwa kiganja kimoja na katikati ya mabega kwa kingine. Masikio yazame kabisa. Atalalamika, mwambie asikilize maji yanavyosema. Kidevu kiangalie mbinguni, kitovu kipande juu. Avute pumzi aishike kidogo, maana mapafu yaliyojaa ndiyo boya lake. Kisha punguza mkono mmoja, halafu vidole viwili, halafu hesabu mpaka tano bila mkono. Usimwachie kwa kumdanganya. Mkono ukiondoka umwambie unaondoka, la sivyo kesho hatakuamini.

Akielea chali kwa sekunde kumi, mengine yanakuja upesi. Asukume ukuta kwa miguu ateleze kifudifudi, uso majini, mikono mbele. Kisha apige miguu kutoka kwenye nyonga, magoti yakilegea tu. Akipiga kama baiskeli hatasogea. Kisha la muhimu kuliko mtindo wowote: aingie kwa kuruka, aibuke, ageuke, arudi ukutani alikotokea. Mtoto anayejua kugeuka na kurudi amefika, hata kama uogeleaji wake ni wa ovyo kutazama.

Maboya ya mikononi yale ya kupuliza msinunue. Yanamsimamisha mtoto wima majini, na wima ndiyo hali ya mtu anayezama. Kuogelea ni kulala. Isitoshe, siku yakitolewa yeye bado anaamini anaelea, naye huruka. Tyubu ya gari ni mbaya zaidi, hupinduka naye au anachomoka katikati. Nguo za kuogelea zipo kwenye mitumba, soko la Memorial hapa Moshi au la Kilombero kule Arusha. Ivute mbele ya mwanga: ikitoa mlio wa kukatika au isirudi, mpira umekufa. Wasichana wanaotaka kujifunika wavae suruali na fulana ndefu ya kitambaa hichohicho cha kubana, siyo pamba, maana pamba hunywa maji, inavuta chini, na wenye mabwawa huikataa kwa sababu nyuzi zake huziba chujio. Miwani isubiri mpaka somo la sita au la saba. Akianguka majini siku moja hatakuwa ameivaa.

Na awepo mtu mzima mmoja wa kuangalia tu, kwa zamu za dakika 15, simu mfukoni mwa mwenzake. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Yuko wima, kichwa nyuma, kimya, na mambo huisha ndani ya dakika moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao 300,000 hufa maji kila mwaka, na karibu robo yao hawajafika miaka mitano. Wekeni ukingoni dumu tupu la lita tano lenye kifuniko na kamba ya mita kumi: mnatupa, hamwingii. Aliyetolewa akiwa hapumui msimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Mnapoteza muda, na matapishi yanaingia mapafuni. Kichwa nyuma kidogo, pumzi tano za kuanzia, kisha mikandamizo 30 ya kifua kwa pumzi 2, kwa kina cha theluthi ya kifua, huku mwingine akipiga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji.

Somo la kumi mtoto aje na sare yake ya shule, iliyochakaa, pamoja na viatu. Aingie nayo, mwalimu akiwa pembeni yake, aibuke, aelee chali, ageuke, atoke. Karatasi ya majina iko pale mlangoni. Andikeni umri wa mtoto, kimo chake, na siku mnazoweza, ili tuwapange watatu watatu wanaolingana.