Muulizeni Kwanza Amekuta Nini

Ndugu mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, na ninyi wanafunzi wa uzamili na uzamivu mliobanana huko nyuma: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwasaidia watafiti wetu wachapishe kwa Kiingereza. Nimelisema jambo hili katika vikao vingi, na waliowahi kunisikia wanajua nitaanzia wapi. Nitaanzia kwa Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto. Vijana walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayapeleka kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa ya kugombania. Mpemba akaona akisubiri atakosa, akayaingiza yakiwa moto. Baada ya saa moja na nusu, ya kwake yameganda, ya mwenzake ambaye hakuchemsha kabisa bado ni uji mzito. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu mwingine akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likaudaka msemo huo, ikawa kila akikosea anatupiwa.

Kisha Denis Osborne, Mwingereza aliyekuwa akifundisha fizikia chuoni Dar es Salaam, akaenda kuzungumza na wanafunzi pale. Kijana akasimama akauliza: vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100, ukivitia kwenye friji, cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda. Kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne akaahidi kulijaribu jambo lenyewe, na aliporudi Dar es Salaam akalijaribu.

Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Physics Education. Jina la kwanza ni la Mpemba, la pili ni la Osborne. Isomeni, ni fupi. Mpemba anasimulia mwenyewe habari ya maziwa, ya friji, ya kuchekwa. Akimaliza, Osborne anaingia na vipimo. Hakuyachukua maneno ya kijana akayageuza yake. Na leo wanafizikia bado wanabishana kama jambo lile lipo kweli; mwaka 2016 wengine walichapisha majaribio yao wakasema hawakuliona. Sawa kabisa. Lakini wanabishana na Mpemba, kwa jina lake, kwa sababu kuna makala ya kubishana nayo.

Najua kuna mtu anasema moyoni: ndiyo hayo, alihitajika Mwingereza. Hapana! Osborne alifanya mambo matatu: alisikiliza swali, akalipima, akamwachia mwenye swali nafasi ya mbele. Lipi kati ya hayo linahitaji uzaliwe London? Hapa ukumbini wapo watu zaidi ya mia wanaoweza kuyafanya kesho asubuhi. Hatuyafanyi. Mtu akituletea andiko tunachukua kalamu nyekundu tunaanza kuwinda vijineno.

Nawapa mfano wa karibu. Mwenzangu mmoja alifanya utafiti wa muhogo kule kusini, kuhusu ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Andiko lake likarudishwa na jarida, sababu ikiwa mstari mmoja: Kiingereza ni dhaifu, atafutwe mzawa wa lugha alisahihishe. Akalipa. Sarufi ikanyooka. Akapeleka tena, likarudi tena. Aliponiletea nikasoma ukurasa wa kwanza, nikawakuta Wareno wanaleta muhogo Afrika. Ukurasa wa pili, mkoloni. Wa tatu, sera za kilimo baada ya Uhuru. Kila sentensi safi, na mimi bado sijui mwenzangu anataka kuniambia nini. Nikaliweka pembeni lile andiko nikamuuliza kwa Kiswahili: dada, ulikuta nini shambani? Akanijibu papo hapo: wakulima wanapeana pingili za muhogo kwa udugu na ujirani, hawanunui, kwa hiyo kampeni inayowaambia wanunue mbegu safi inapita pembeni ya njia ambayo ugonjwa wenyewe unapitia. Sentensi moja! Nikaitafuta kwenye andiko. Ilikuwa ukurasa wa 19, imejificha katikati ya aya.

Hilo si kosa la Kiingereza. Sisi tumelelewa kwamba hodi haipigwi kwa swali. Unasalimia, unauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, ndipo unasema kilichokuleta. Ni adabu, na mimi sitaki ife. Mhariri wa jarida la Kiingereza anataka shida mlangoni. John Swales, aliyechambua utangulizi wa makala nyingi za aina hii, alizieleza hatua zake mwaka 1990: onyesha uwanja, onyesha pengo lililopo, sema wewe unaliziba vipi. Yote hayo yanaishia kwenye ukurasa mmoja, pengine mmoja na nusu. Mtu asipoambiwa hivyo ataandika kama anavyobisha hodi kwa mjomba wake, na atakayemsahihishia sarufi atakula pesa yake bure.

Wala msidhani ni ugonjwa wa Afrika peke yetu. Theresa Lillis na Mary Jane Curry, watafiti wa uandishi wa kitaaluma, waliwafuata kwa miaka wasomi wa Hungaria, Slovakia, Hispania na Ureno, wakaona kwamba makala hupita mikono mingi kabla ya kutoka, na mikono ile haigusi vituo na herufi tu, inagusa hoja yenyewe. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa wanasayansi wa mazingira 908 kutoka nchi 8: wasio wazawa wa Kiingereza waliripoti kukataliwa makala kwa sababu ya lugha mara 2.5 hivi kuliko wazawa, na kuambiwa warekebishe lugha mara 12.5. Kwa hiyo dhuluma ipo, siikatai. Ila mhariri anaposema "lugha", mara nyingi amekwama kwenye mpangilio, hana muda wa kueleza.

Mtaniuliza, kwa nini tusiandike Kiswahili? Tuandike! TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanatoa jarida la Kiswahili kwa miaka mingi, na mkulima wa muhogo anastahili kusoma kilichoandikwa juu yake. Mwenzangu nilimwambia aandike mara mbili, na akaandika. Anayeniambia nichague moja ananinyima haki yangu.

Kuhusu programu za kompyuta zinazonyoosha Kiingereza: zitumieni, semeni mmezitumia, majarida mengi sasa yanataka hivyo. Zitanyoosha sentensi. Hazitajua kwamba jambo lako liko ukurasa wa 19.

Naona mwenyekiti ameangalia saa, kwa hiyo haraka. Majarida ya kitapeli: ukiahidiwa kuchapishwa ndani ya siku tatu, kimbia. Ada ya kuchapisha: majarida mengi ya nje huwasamehe au huwapunguzia waandishi wa nchi kama yetu, lakini uliza kabla ya kutuma. AuthorAID, mtandao wa kuwasaidia watafiti wa nchi zinazoendelea, ipo tangu 2007, inakuunganisha na mlezi wa uandishi bila malipo. Habari ya kuwajibu wahakiki nilitaka kuisema, imenipita.

Mchana nitakaa chumba cha mikutano, kile cha ghorofa ya chini. Mwenye andiko aje, lakini aliache kwenye mkoba kwanza. Aje na sentensi mbili za Kiswahili: nilikuta nini, na nani alikuwa hajui. Tutaanzia hapo.