Dirisha la Boti Halizibwi kwa Nje

Habari za jioni, mafundi wenzangu. Wengi humu ni watu wa madirisha ya alumini na bodi za matatu, na najua kuna anayejiuliza: Nairobi na boti wapi na wapi? Ziwa Naivasha si mbali. Dirisha la boti likivuja kule, mara nyingi anayepigiwa simu ni fundi wa vioo wa hapa mjini. Wazee wetu wanakumbuka hata boti za tanga zikishindana kwenye Bwawa la Nairobi, pale karibu na Kibra, kabla ya magugu maji kulifunika. Kazi hii ni yetu, na naomba tuifanye vizuri, maana boti nyingi zimeozea mikononi mwetu.

Moja niliiozesha mimi. Ilikuwa boti ya faibaglasi yenye kabini, na dirisha la kushoto lilikuwa likidondosha maji kwenye godoro. Nilikwenda na tyubu mbili za silikoni, nikapaka ukingo mzima kwa nje, nikalainisha kwa kidole chenye sabuni, nikalipwa. Mvua za Aprili zikanirudisha. Nikapaka juu ya ile ya kwanza. Mara ya tatu mwenye boti hakusema neno. Aliinua godoro akanionyesha mbao za chini: nyeusi, na nilipobonyeza, kidole kikazama. Mbao zile zilikuwa zikioza wakati wote niliokuwa napaka. Sijasahau.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, silikoni mpya haishiki juu ya silikoni kuukuu. Inakaa tu kama ngozi, na maji yanapita chini yake. La pili lilikuwa baya zaidi: maji hayakuwa yakiingilia dirishani peke yake. Yaliingia kwenye skrubu ya kishikio kilichoko juu ya paa, yakatambaa ndani ya dari, yakatafuta tundu la kwanza la kutokea, na tundu hilo lilikuwa kona ya dirisha. Unapoona tone ni mlango wa kutokea. Mlango wa kuingilia uko kwingine kabisa, pengine mita nzima juu yake.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, toa ubao wa dari, kausha, kisha paka poda ya watoto kuzunguka dirisha na skrubu zote kwa ndani. Mwenzako amwage maji kwa mpira huko nje, bila presha, akianzia chini kabisa na kupanda polepole, dakika 5 kila mahali. Ukianzia juu, kila kitu kitalowa pamoja na hutajua kitu. Wewe kaa ndani na tochi. Poda nyeupe itapata alama nyeusi kama mstari wa kalamu, na mstari ule ndio njia ya maji.

Kama ni dirisha, lazima litoke. Lililobandikwa kwa gundi tunalikata kwa waya, vile vile tunavyotoa kioo cha mbele cha gari. Kisha kwangua gundi ya zamani yote, kwenye fremu na kwenye boti. Nikisema yote namaanisha ukucha upite bila kukwama popote. Tazama pia ukingo wa tundu: boti nyingi zina tabaka mbili za faibaglasi na katikati mbao nyepesi ya balsa. Kama imelowa, ichimbue kama sentimita 1 kuingia ndani, acha ikauke kabisa, jaza gundi ngumu ya epoksi. Ukiruka hapo, unafungia kidonda kikiwa na usaha.

Sasa nawaomba mnisikilize sana. Vioo vingi vya boti si vioo. Ni akriliki, ile tunayoiita Perspex, na akriliki hutanuka karibu mara 3 ya alumini na mara 7 au 8 ya kioo. Naivasha asubuhi ni baridi, na saa saba mchana plastiki iliyo juani inawaka. Joto likipanda nyuzi 40, kipande cha mita 1 kitarefuka karibu milimita 3, huku fremu ya alumini ikirefuka milimita 1 tu. Tofauti hiyo haina pa kwenda isipokuwa kwenye gundi. Gundi nyembamba kama karatasi itachanika. Iache iwe nene, milimita 3 hivi: weka vipande vidogo vya raba chini ya plastiki vishikilie nafasi. Pale skrubu ya milimita 5 inapopita kwenye plastiki, toboa tundu la 7. Na usikaze kwa nguvu ukaikamua gundi yote nje. Dirisha lazima lipate pa kupumua.

Gundi ipi? Ile nyeusi ya vioo vya magari mnaipenda, naielewa. Lakini kioo cha gari kina ukingo mweusi uliochomewa kwenye kioo chenyewe, nao huikinga gundi na jua. Akriliki tupu haina kinga hiyo, na baadhi ya gundi hizo huila plastiki. Silikoni inayonuka siki nayo hula alumini. Chukua silikoni isiyonuka siki, ambayo kwenye tyubu imeandikwa kuwa inafaa plastiki.

Na thina, jamani, thina! Nilishawahi kupangusa akriliki mpya kwa thina ili ing'ae. Haikupita muda nikaona nyufa ndogo ndogo zikizunguka matundu ya skrubu, kama utando wa buibui, na kipande kizima kikatupwa. Asetoni na petroli ni vilevile. Maji na sabuni yanatosha.

Mama hapa mbele ameuliza tungoje muda gani kabla ya kujaribu. Silikoni hii huiva kwa unyevu wa hewa, kutoka nje kuelekea ndani, kwa hiyo ukingo mpana naupa wiki nzima, na hewa kavu ya Januari huichelewesha zaidi. Kisha rudi na poda ile ile na mpira ule ule, mwaga maji kutoka chini kwenda juu. Poda ikibaki nyeupe, rudisha ubao wa dari.